Bloku za flathedi V8 za Ford: maswali yanayorudiwa kila siku kuhusu kuitambua na kujua ni ya mwaka gani

Haya ni maswali ambayo watu wanaopenda magari ya zamani wanauliza tena na tena, mara nyingi na picha moja yenye giza na grisi na neno "wakuu, hii ni ya mwaka gani?". Nimeyapa namba ili nikikwambia rudi swali la 5 usipotee. Karibu yote yanahusu flathedi V8 ya Ford ya Marekani maana hiyo ndiyo inayoulizwa zaidi, zingine nimezigusa kwa mbali tu.

## Ya mwanzo kabisa

1. Flathedi ni nini hasa?

Ni injini ambayo valvu zake hazipo kwenye silinda hedi, zipo kwenye bloku yenyewe, pembeni ya silinda, zinafungukia juu. Kwa hiyo hedi inabaki kifuniko bapa cha chuma chenye njia za maji na matundu ya plagi, basi. Hakuna roka, hakuna pushirodi, hakuna kifuniko cha valvu juu. Ukiona V8 ya zamani ambayo juu ya kila upande kuna sahani bapa imejaa nati kama kitumbua kimejaa ufuta, hiyo ni flathedi.

Hii inahusika na utambuzi kwa sababu moja kubwa: mambo mengi yapo kwenye bloku. Valvu, njia za ekzosti, kemshafti, vyote ndani ya chuma kimoja. Bloku ndiyo injini yenyewe, vingine vyote vinafunguliwa kwa spana na kuhamishwa.

2. Ford walitengeneza flathedi V8 kuanzia lini mpaka lini?

Ilitoka mwaka 1932, ujazo inchi za ujazo 221 (kama lita 3.6), nguvu farasi 65. V8 zilikuwepo kabla ila zilikuwa za matajiri, na nyingi ziliunganishwa kwa vipande vilivyofungwa pamoja. Ford wakaamua kusubu bloku nzima kwenye kalibu moja, silinda nane na kreni-kesi (sehemu ya chini inayobeba kreni) pamoja, kule kiwanda cha Rouge, Dearborn, Michigan. Ndio maana waliweza kuuza gari la V8, lile rodsta (gari la wazi la viti viwili), kwa dola 460.

Marekani iliishia na magari ya mwaka 1953. Canada waliendelea nayo mpaka 1954. Nje ya hapo kuna habari nyingine, angalia swali la 14.

3. Namba ya injini imepigwa wapi kwenye bloku?

Hili ndilo swali namba moja duniani na jibu lake linaudhi: kwenye V8 za 1932 mpaka 1948 haipo kwenye bloku. Unaweza kusugua na brashi ya waya mpaka mkono ukufe ganzi, huipati. Ford walipiga namba ya gari juu ya nyumba ya giaboksi na ile ile wakaipiga juu ya reli ya kushoto ya chasisi. Kwa hiyo bloku ikishatengana na giaboksi yake, na baada ya miaka zaidi ya 70 nyingi zimeshatengana, haina kitambulisho chake binafsi. Imebaki na sura tu. Ndio sababu ukurasa wote huu unaongelea sura na hauongelei namba.

Wanaochanganya watu ni wale waliozoea Ford Model T na Model A za silinda nne. Hizo namba ipo kwenye bloku, upande wa kushoto juu ya pale maji yanapoingilia, na kwenye Model A ndiyo namba ya gari lote. Basi mtu akishaizoea hiyo anaitafuta kwenye V8 na haioni, halafu anadhani imefutwa na wezi. Hapana, haikuwahi kuwepo.

4. Bloku iko mbele yangu chini, nianzie wapi?

Isafishe kwanza. Mafuta ya taa au diseli, brashi ya waya, kitambaa. Usitumie grainda kabisa, herufi za kusubiwa zimeinuka kidogo tu na ukizipitia na grainda umezifuta milele. Zikiwa hazisomeki zipake chaki ubavuni, au weka karatasi juu yake usugue na penseli kama watoto wanavyochora sarafu.

Halafu angalia kwa mpangilio huu: hesabu matundu ya stadi, yaani vile vyuma vyenye nyuzi vinavyoshika hedi kwa nati (swali la 5), angalia mbele kama wota pampu zinakaa kwenye bloku (swali la 6), angalia nyuma kama nyumba ya klachi imesubiwa pamoja (swali la 7). Ukimaliza hayo matatu umeshapata kipindi chako hata kabla ya kusoma herufi yoyote. Watu wanafanya kinyume, wanatafuta herufi kwanza.

## Kuhesabu na kuangalia

5. Stadi ngapi ni mwaka gani?

Hesabu kwa upande mmoja, sio zote mbili jumla (mtu alishaniletea jibu "48" akidhani kapata injini ya ajabu).

Stadi 21 kwa kila hedi ni kuanzia 1932 mpaka katikati ya 1938. Stadi 24 ni kuanzia 1938 hiyo hiyo kuendelea mpaka mwisho. Kwa hiyo gari la 1938 linaweza kuja na aina yoyote kati ya hizo na yote ni halali, usimwite muuzaji mwongo kwa hilo. Ukipata 17 hiyo ni V8 ndogo, nenda swali la 13.

Kuanzia 1949 idadi ni ile ile 24 lakini Ford waliacha stadi na nati wakaweka bolti za kawaida. Ila hii usiitegemee, watu wengi wanaojenga injini za mbio waliweka stadi kwenye bloku za bolti. Matundu hayabadiliki, kinachokaa kwenye tundu kinabadilika.

6. Wota pampu zinaniambia nini?

Zinakuambia mengi kuliko stadi, kwa bloku za mwanzo. Kuanzia 1932 mpaka 1936 pampu mbili za maji zilikaa mbele ya hedi, zikivuta maji yaliyokwisha chemka kutoka juu. Mwaka 1937 zikahamishiwa kwenye uso wa mbele wa bloku, zikawa zinasukuma maji ya baridi kuingia ndani. Hiyo ilikuwa ni kujaribu kutibu ugonjwa wa hizi injini wa kuchemka, ugonjwa ambao kwa kweli hawakuumaliza, maana moshi wa ekzosti unapita ndani ya bloku kutoka kwenye valvu mpaka nje pembeni na unapasha maji njia nzima. Hesabu matundu ya ekzosti ubavuni utaona ni matatu kwa silinda nne, zile mbili za katikati zinachangia moja. Joto lote hilo linakaa pale katikati.

Kwa hiyo: stadi 21 na uso wa mbele hauna sehemu ya pampu, ni 1932 hadi 1936. Stadi 21 na uso wa mbele una sehemu ya pampu, ni 1937 mpaka katikati ya 1938.

Kwa hedi za baadaye angalia mdomo wa maji unapotokea. Kwenye hedi za 1937 mpaka 1948 mdomo uko katikati ya hedi juu. Kwenye za 1949 mpaka 1953 umesogezwa mbele. Ni kitu cha kuangalia haraka kwenye picha ya mtandaoni, lakini kumbuka hedi inafunguliwa. Kipimo cha kweli ni swali linalofuata.

7. Nawezaje kutofautisha bloku ya kabla ya 1949 na ya baada?

Nenda nyuma. Kwenye bloku za magari mpaka 1948, nusu ya juu ya nyumba ya klachi imesubiwa pamoja na bloku, ni chuma kimoja, haifunguki. Kwenye za 1949 hadi 1953 nyuma ni bapa, nyumba ya klachi inafungwa na bolti. Hii hakuna anayeweza kukudanganya isipokuwa kwa msumeno, na kweli kuna bloku zilizokatwa, ila ukiona utajua tu.

Sasa mtego: mwaka 1948 una aina zote mbili. Malori mapya ya F-series ya 1948 yalipata injini mpya yenye mgongo bapa, wakati magari madogo ya 1948 bado yalikuwa na ya zamani. Tena Ford ya mwaka 1949 ilianza kuonyeshwa Juni 1948. Kwa hiyo mtu akikwambia "ni ya arobaini na nane" muulize, ya lori au ya gari dogo?

8. Na distribyuta?

Mpaka 1948 distribyuta imekaa mbele kabisa chini, imelala, inazungushwa moja kwa moja na ncha ya kemshafti. Kuanzia 1949 imesimama juu mbele upande wa kulia kama kwenye injini za kawaida, na mafundi wengi walishusha pumzi kwa sababu ile ya zamani kurekebisha taimingi yake ni kazi ya mtu mwenye subira. Hii inakubaliana na swali la 7, ukiona hazikubaliani basi kuna mtu alichanganya vitu.

## Herufi na namba za kusubiwa

9. Imeandikwa 59A juu nyuma, ndiyo injini ya 1959?

Hapana jamani. 59, 59A, 59AB na ndugu zake zimesubiwa juu ya nyumba ya klachi nyuma ya manifoldi, na zinaonyesha familia ya bloku iliyotoka mwishoni mwa vita, 1945, mpaka 1948. Ni ya ujazo 239 (lita 3.9), stadi 24, mgongo wa kusubiwa pamoja. Hii ndiyo bloku inayotafutwa na watu wa hotirodi (magari ya zamani yaliyoongezwa nguvu) na bei yake inaonyesha.

Ila pia sio kila bloku ya 1946 mpaka 1948 ina alama hiyo. Kuna zilizotoka bila kitu. Kukosa 59 sio ushahidi kwamba sio ya miaka hiyo, pima silinda (swali la 11).

Ukiona 99 hiyo asili yake ni Mercury (chapa nyingine ya Ford wenyewe), iliyotoka 1939 na 239 yake wakati Ford bado ilikuwa 221.

10. Ya kwangu imeandikwa 8BA kwenye hedi, na nyingine EAB, na nyingine 8RT. Ipi ni ipi?

8BA ni hedi ya gari dogo la Ford kuanzia 1949. EAB ni ya Ford 1952 na 1953. 8RT ni ya lori. 8CM ni ya Mercury ya 1949 kuendelea. Watu wamezoea kuita bloku nzima "8BA" na mimi naita hivyo hivyo, hakuna shida, lakini tambua kuwa umesoma hedi, hujasoma bloku. Hedi ya EAB inakaa vizuri tu kwenye bloku ya 1949, na wajanja waliibadilisha zamani sana kabla hatujazaliwa. Hedi mbili za alama tofauti kwenye bloku moja nimeziona zaidi ya mara moja, upande huu lori upande ule gari dogo.

Herufi C mwanzoni mwa alama ya kusubiwa, kwa mfano C59A, maana yake ni kazi ya Ford ya Canada. Kwa upande wetu hii ni muhimu, ona swali la 15.

## Vipimo

11. Nitajuaje ni 221, 239 au 255?

Toa hedi, futa kingo za silinda, pima na venia. Inchi 3 na 1/16 (milimita 77.8) ni 221. Inchi 3 na 3/16 (milimita 81) ni 239 au 255. Kati ya hizo mbili za mwisho kinachotofautisha ni safari ya pistoni, maana kipenyo ni kile kile: zungusha kreni (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni), pima pistoni kutoka juu kabisa mpaka chini kabisa. Inchi 3 na 3/4 (95.25 mm) ni 239, inchi 4 kamili (101.6 mm) ni 255 ya Mercury.

Tahadhari ni kwamba hizi silinda zimeshatobolewa ovasaizi mara ngapi nani ajuaye. Kutoboa mpaka inchi 3 na 5/16 kulikuwa kawaida kwa watu wa mbio. Kwa hiyo ukipima ukapata namba isiyopo kwenye orodha, tafuta iliyo chini yake, silinda haiwezi kupungua. Isipokuwa imewekwa slivu (mrija unaovalishwa ndani ya silinda): kuna bloku Ford wenyewe walizivalisha slivu nyembamba za chuma, ukitazama kwa makini ukingo wa juu utaona mstari wa duara. Hapo kipenyo unachopima ni cha slivu, sio cha bloku.

Kipimo kingine kwa wenye injini iliyofunguliwa chini: jeno kuu za kreni (zile sehemu zinazozungukia kwenye beringi) kwenye injini za mwanzo za stadi 21 ni inchi 2, na kwenye za stadi 24 za baadaye ni inchi 2 na nusu. Na za 1932 mpaka 1935 beringi kuu ni za babiti (madini laini ya beringi) ya kumiminwa moja kwa moja kwenye chuma, sio za vipande vya kubadilisha, mabadiliko yalianza ndani ya 1936. Fundi wa kumimina babiti siku hizi ni kumtafuta kwa tochi, kwa hiyo kabla hujanunua injini ya mwanzo kabisa kwa ajili ya kuendeshea, fikiria hilo kabla ya kufikiria bei.

12. Muuzaji anasema "bloku ya Mercury" na anataka bei ya juu. Ni sawa?

Kwa za 1949 mpaka 1953, hapana. Bloku ni ile ile ya Ford, kilichokuwa cha Mercury ni kreni ya inchi 4. Kama kreni imo ndani, sawa, lipia kreni. Kama bloku iko tupu, unaambiwa hadithi. Kwa za 1939 mpaka 1942 kidogo ana hoja, kwa sababu Mercury ilikuwa 239 wakati wa Ford ilikuwa 221, lakini tena pima, usisikilize.

## Kesi ngumu

13. Nimepata flathedi V8 ndogo mno, ina stadi 17. Ni nini?

Ni V8-60, ujazo 136 tu (lita 2.2), farasi 60. Marekani iliuzwa kwenye magari ya 1937 mpaka 1940. Wanunuzi hawakuipenda sana kwa sababu ilikuwa inavuta kwa shida, ila waendesha vigari vidogo vya mbio waliipenda mno. Ufaransa na Uingereza nazo ziliitumia. Haibadilishani chochote cha maana na kaka yake mkubwa, kwa hiyo usinunue hedi kabla hujahesabu matundu.

14. Bloku yangu ina kila dalili ya miaka ya 1940 lakini karatasi zinasema ya miaka ya 60. Karatasi zimekosewa?

Sio lazima. Ufaransa waliendelea kutengeneza V8 kubwa ya lita 3.9 kwa malori ya jeshi miaka mingi baada ya Marekani kuacha, kwanza Ford ya Ufaransa halafu Simca, kampuni ya magari ya Ufaransa, walipoichukua mwaka 1954. Brazil nayo Simca ilikuwa inauza magari yenye flathedi iliyotokana na ile V8 ndogo mpaka katikati ya miaka ya 60. Bloku za jeshi la Ufaransa zimekuja kuuzwa zikiwa mpya kabisa kwenye masanduku, na watu wengi wanaojenga hotirodi wanazitumia. Ukikuta bloku safi isiyo na kutu kwenye njia za maji, imejaa maneno ya Kifaransa, usianze kushangilia kuwa umepata 1946 isiyotumika.

15. Hizi injini zilifikaje Afrika Mashariki?

Kwa magari ya kawaida ya Ford, ndiyo, lakini sana sana kwa vita. Malori ya jeshi ya Canada ya Ford yalitumia V8 hii na yalisambazwa kila mahali majeshi ya Uingereza na himaya yake yalipokwenda. Kabla ya hapo magari ya deraya ya Marmon-Herrington, yaliyojengwa Afrika Kusini juu ya chasisi ya Ford, yalipita Kenya kuelekea Somalia na Ethiopia mwaka 1940 na 1941. Vile vigari vya minyororo vya Universal Carrier navyo vilikuwa na Ford V8. Vita ilipoisha magari ya jeshi yakauzwa, na injini zikaishi maisha ya pili kwenye malori na mashine za kusaga.

Kwa hiyo ukikuta flathedi huku kwetu kwenye skrepa, tafuta ile herufi C kwanza. Na usitegemee kabisa kwamba vilivyofungwa juu ni vya bloku ile, karakana za jeshi zilifungua injini kumi kwa mpigo na kufunga kumi, hedi inakwenda popote inapokaa.

16. Nina jipu ya vita, nayo ni flathedi. Haya yote yanaihusu?

Hapana. Jipu ya Willys MB na ya Ford GPW ina flathedi ya silinda nne mstari mmoja, ujazo 134, muundo wa Willys. Ni flathedi kwa maana ya swali la 1 tu.

17. Giaboksi yangu ina namba inayoanza na 18. Si ina maana injini ni ya 1932?

Huu ni uongo unaotembea kwa miguu yake yenyewe. Ndiyo, Ford ya V8 ya 1932 iliitwa Model 18, lakini kiambishi cha 18 kiliendelea kupigwa kwenye magari ya V8 kubwa mpaka 1942. Kinachokupa mwaka ni zile tarakimu zinazofuata, sio hiyo 18. V8-60 zilianza na 54. Baada ya vita magari ya Ford yakaanza na 99A, halafu 799A kwa 1947 na 899A kwa 1948.

Na hata ukipata mwaka sahihi, umepata mwaka wa giaboksi. Rudi swali la 3.

18. Sasa kwa nini wanaouza wanatoa mwezi na mwaka kabisa?

Kwa sababu mwezi unauza. Kwa bloku peke yake, bila chasisi na giaboksi yake, ninachoweza kukupa ni kipindi: 1932 hadi 1936, 1937 hadi 1938, 1938 hadi 1942, 1945 hadi 1948, 1949 hadi 1953. Kwenye Model T ni tofauti, ile ina tarehe ya kusubiwa, mwezi siku mwaka, kwenye bloku yenyewe, na hapo unaweza kujidai. Kwenye V8 anayekupa Machi 1934 kwa kuangalia picha, mwombe akuonyeshe ameisoma wapi.

19. Bloku imetambulika ni ya mwaka ninaoutaka. Ninunue?

Bado. Bloku ya mwaka sahihi yenye ufa ni nanga nzuri ya ngalawa. Hizi zinapasuka kutoka kiti cha valvu kuingia silinda, na kutoka tundu la stadi kwenda kwenye tundu la maji. Nyufa fupi za pale kwenye matundu ya stadi ni nyingi sana na mafundi wanazishona, hizo zisikukimbize. Ufa unaoingia ndani ya silinda ni mazungumzo mengine, hapo unaongelea slivu na labda kiti kipya na pesa.

Ioshe, ipeleke ikapimwe kwa sumaku na poda ya chuma, halafu ipimwe presha kwenye njia za maji. Muuzaji akikataa isipimwe kabla ya kulipwa, mwachie. Na kama bloku imeshapakwa rangi mpya inang'aa na hedi zimefungwa juu yake, omba zifunguliwe mbele yako.